Nakumatt: Ndovu aliyetoka katika magodoro akaishia mikononi mwa wadai

Mnamo Januari 2020 wadai wa kampuni ya Nakumatt Holdings walipiga kura na kukubaliana kwamba ifungwe na kufilisiwa. Uamuzi huo haukumshangaza mkazi yeyote wa Nairobi. Kwa zaidi ya miaka mitatu wateja walikuwa wakiingia katika maduka hayo na kukuta rafu zimetandazwa pakiti za chumvi na karatasi za msalani, zikiwa zimepangwa kwa upana ili pengo lisionekane. Kilichobaki Januari hiyo kilikuwa jina, maduka sita na deni la zaidi ya Sh30 bilioni.

Makala haya yanaeleza jinsi kampuni iliyokuwa na maduka zaidi ya 60 katika nchi nne ilivyofikia hali hiyo, na ni nani waliobaki na hasara.

Jina lenyewe ni historia. Nakumatt ni kifupisho cha Nakuru Mattresses, yaani duka la magodoro la familia ya Shah mjini Nakuru. Ajabu ni kwamba mshindani wake mkuu wa baadaye, Tuskys, iliyoanzishwa na marehemu Joram Kamau, nayo ilitokea eneo hilo hilo la Nakuru na ilisajiliwa kwa jina la Tusker Mattresses. Naivas ya marehemu Peter Mukuha Kago ilianzia Naivasha, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Hivyo basi, kwa kipindi kirefu biashara ya supamaketi nchini Kenya ilikuwa mikononi mwa familia chache za Bonde la Ufa ambazo zilijifunza kuuza rejareja kabla hazijajifunza kukopa. (Neno lenyewe limetusumbua kwenye dawati la uhariri kwa miaka mingi. Wapo wanaoshikilia 'duka kuu', lakini msomaji anasema 'supamaketi' na sisi tumemfuata msomaji.)

Chini ya mkurugenzi mkuu Atul Shah, Nakumatt ilihamishia nguvu zake Nairobi na kubuni aina ya duka ambalo jiji halikuwa limelizoea. Mega, kwenye Barabara ya Uhuru karibu na Uwanja wa Nyayo, lilikuwa mahali ambapo mtu angenunua maziwa, runinga, baiskeli na sofa kwa risiti moja. Baadhi ya matawi yalifunguliwa saa 24. Katikati ya jiji kulikuwa na Downtown kwenye Barabara ya Kenyatta, Lifestyle, na jingine la Moi Avenue. Lakini utajiri wa kampuni ulikuwa magharibi: Ukay na Westgate mtaani Westlands, Lavington, Prestige na Junction kwenye Barabara ya Ngong, kisha Karen na Galleria. Kila jumba jipya la biashara lililojengwa upande huo lilitaka picha ya ndovu wa samawati mlangoni, kwa kuwa mwenye jumba alijua kwamba pasipo Nakumatt maduka madogo ya ndani yasingepata wapangaji.

Rafu za mvinyo na pombe kali zilikuwa sehemu muhimu ya sura hiyo. Kabla ya soko kufunguliwa katika miaka ya tisini, uagizaji wa mvinyo na pombe kali ulikuwa umeshikwa na Kenya Wine Agencies, iliyoanzishwa mwaka 1969 chini ya serikali. Chupa ya mvinyo wa Ufaransa ilikuwa kitu cha hoteli na balozi. Nakumatt iliiweka chupa hiyo, pamoja na ya Afrika Kusini na Chile, hatua kumi kutoka kwa mkate. Mkazi wa Kilimani aliyeona haya kuingia katika kiduka cha pombe cha mtaani, kile chenye vyuma vya kuzuia wezi kwenye kaunta, aliweza kuitia chupa yake kwenye kikapu bila mtu kumtazama mara mbili. Waagizaji wengi wa mvinyo walikua pamoja na Nakumatt, na baadaye wengi wao waliumia pamoja nayo.

<b>Mtambo wa fedha</b>

Ili kuelewa anguko hilo ni lazima kwanza kuelewa jinsi supamaketi inavyopata fedha. Mteja hulipa papo hapo. Msambazaji wa bidhaa hulipwa baada ya siku 30, 60 au 90, kulingana na mkataba. Ikiwa mkate umeuzwa leo na mwokaji atalipwa baada ya miezi miwili, fedha za mwokaji zimo mikononi mwa mwenye duka kwa siku zote hizo, bila riba. Ukiwa na duka moja, fedha hizo ni kidogo. Ukiwa na maduka 60, ni mabilioni.

Hakuna kosa hapo. Duniani kote supamaketi huendeshwa hivyo. Hatari huanza fedha hizo za muda zinapotumiwa kujengea vitu vya kudumu: tawi jipya, majokofu, ghala, mtandao wa kompyuta. Tawi jipya huhitaji miaka kadhaa kurudisha gharama yake, ilhali mwokaji anadai mwisho wa mwezi. Maadamu mauzo yanaongezeka kila mwaka, fedha za wasambazaji wapya hulipa madeni ya wale wa zamani na hakuna anayehisi kitu. Mauzo yakisimama, hata kwa miezi michache, pengo hujitokeza mara moja.

Nakumatt ilipanuka kwa kasi. Iliingia Rwanda mwaka 2008 na Uganda mwaka 2009. Ilifungua Moshi, Tanzania, mwaka 2011, na mwaka 2014 ikachukua maduka ambayo Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa ikiyaacha nchini humo. Kampuni ilikuwa ya familia na haikuuza hisa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mipango ya kumleta mwekezaji mwenye mtaji ilitajwa mara kwa mara magazetini, yakiwemo yetu, na kila mara ikayeyuka. Kwa hiyo upanuzi ulitegemea mikopo ya benki, fedha za wasambazaji, na kitu cha tatu ambacho wananchi wengi hawakukijua: hati za mkopo wa muda mfupi.

Hati hizi ni ahadi tu. Kampuni huchukua fedha kutoka kwa mwekezaji na kuahidi kuzirudisha na riba baada ya miezi mitatu, sita au tisa. Hazina dhamana ya ardhi wala jengo. Muda ukiisha, mara nyingi mwekezaji huombwa aziache fedha zake kwa kipindi kingine. Baadhi ya hati za Nakumatt zilinunuliwa na mifuko ya uwekezaji iliyokusanya akiba za watu wa kawaida. Mmoja wao, unaosimamiwa na Amana Capital, ulilazimika mwaka 2018 kusitisha kuwarudishia wanachama fedha zao. Mtu aliyeweka akiba ya karo ya mtoto katika mfuko huo huenda hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa amemkopesha mwenye supamaketi.

<b>Moto, risasi na benki</b>

Jumatano, Januari 28, 2009, moto uliteketeza Nakumatt Downtown. Watu zaidi ya 20 walifariki, na swali la milango ya dharura katika majengo ya katikati ya jiji lilizua mjadala mkali ambao, kama kawaida yetu, ulipoa kabla ya majivu. Septemba 21, 2013, magaidi wa Al-Shabaab walivamia jumba la Westgate, ambamo Nakumatt ilikuwa mpangaji mkuu. Watu 67 waliuawa na duka likaharibiwa kabisa. Jumba hilo lilifunguliwa upya Julai 2015, na Nakumatt ikarudi, hatua iliyosifiwa kuwa ya ujasiri.

Misiba hiyo miwili hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo chanzo cha kuporomoka. Sikubaliani na maelezo hayo. Baada ya moto wa 2009 kampuni iliendelea kufungua matawi kwa miaka mingi, na baada ya Westgate iliendelea kununua maduka nchini Tanzania. Misiba iliongeza mzigo, lakini mgongo ulikuwa umeshapinda kwa sababu nyingine.

Sababu ya karibu zaidi ilikuwa benki. Dubai Bank ilifungwa Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba mwaka huo, na Chase Bank ikawekwa chini ya mrasimu Aprili 2016. Wenye akiba walitia hofu na mabenki yakaanza kuchunguza upya kila mteja mkubwa. Kisha Septemba 2016 ikaanza kutumika sheria iliyozuia riba ya mikopo kuzidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10, hivyo riba ya juu kabisa ikawa asilimia 14. Sheria hiyo ilipendwa na wananchi, lakini benki isiyoruhusiwa kutoza zaidi kwa hatari kubwa huamua kutoikopesha hatari hiyo kabisa.

Wakati huo huo Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilifungua duka lake la kwanza nchini mwezi Mei 2016 katika jumba la The Hub, Karen, katika eneo hasa lililokuwa ngome ya Nakumatt. Mkazi wa magharibi mwa jiji aliyezoea kwenda Junction kwa mazoea tu sasa alikuwa na pa kulinganisha.

<b>Mwenye chupa anapodai</b>

Kuanzia 2016 wasambazaji walianza kulipwa kwa kuchelewa, kisha kwa kuchelewa sana, kisha wengine hawakulipwa. Hapa ndipo inafaa kumrudia yule mwagizaji wa mvinyo, kwa kuwa hali yake inaonyesha uzito wa jambo hili kuliko takwimu za jumla.

Mwenye mboga akicheleweshewa malipo hupoteza mboga zake. Mwagizaji wa mvinyo hupoteza zaidi. Kabla chupa haijafika rafuni ameshamlipa mkulima wa ng'ambo, meli, na wakala wa bandarini. Shehena inapotoka katika ghala la forodha hulipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na Kodi ya Thamani ya Ziada. Kila chupa pia hubandikwa stempu ya ushuru. Anapoiwasilisha supamaketini na kuandika ankara, sheria inamtaka awasilishe Kodi ya Thamani ya Ziada, asilimia 16, mwezi unaofuata, awe amelipwa au la. Kodi hiyo anaweza kuidai tena ikiwa mteja hakulipa, lakini wakati huo ilikuwa kwa kawaida ni baada ya miaka mitatu au mteja akitangazwa kuwa amefilisika.

Chukua mfano. Mwagizaji amepeleka shehena ya Sh1 milioni kwa mkopo wa benki wa riba ya asilimia 14. Akilipwa kwa siku 90, riba ni Sh35,000, na bado anabaki na faida. Akilipwa baada ya miezi tisa, riba ni Sh105,000 na huenda faida yote imeliwa. Asipolipwa kabisa, amepoteza milioni nzima, riba, na sehemu kubwa ya ushuru ambao serikali ilishaupokea. Aliyekuwa na wateja wengi, yaani hoteli, baa na viduka vya mitaani, aliweza kustahimili. Aliyetegemea rafu za ndovu peke yake alifunga ofisi.

Wasambazaji wakubwa walikuwa wa kwanza kusimamisha bidhaa, kwa sababu wana wahasibu wa kuona hatari mapema. Wadogo waliendelea kupeleka, wakihofia kwamba wakikatiza wangepoteza hata deni la nyuma. Kwa hiyo kadiri mambo yalivyozidi kuharibika, ndivyo mzigo ulivyowahamia wasioweza kuubeba.

Wenye majengo hawakungoja. Katika mwaka 2017 Nakumatt ilifurushwa kutoka jumba moja hadi jingine kwa sababu ya kodi ya pango, Westgate likiwemo. Matawi ya Uganda na Tanzania nayo yalifungwa. Nafasi nyingi zilikuwa na mgeni tayari: Carrefour ilichukua ile ya Thika Road Mall, kisha Junction na Galleria. Shoprite ilifungua Westgate mwaka 2018. Jumba la Ukay, ambamo wakazi wa Westlands walikuwa wamefanya ununuzi kwa miaka mingi, lilibomolewa Agosti 2018 katika operesheni ya serikali ya kuondoa majengo yaliyodaiwa kuwekwa kando ya mito.

Mwaka 2017 pia ulitangazwa mpango wa Nakumatt kuokolewa na Tuskys kwa njia ya muungano. Mpango huo haukutimia. Kwa kuangalia yaliyoipata Tuskys baadaye, ni vigumu kuona jinsi ambavyo mtu mmoja anayezama angemwokoa mwenzake.

<b>Mahakamani</b>

Januari 22, 2018, Mahakama Kuu ilimteua Peter Kahi wa kampuni ya PKF kuwa msimamizi wa Nakumatt. Utaratibu huo ulitokana na Sheria ya Ufilisi ya 2015, ambayo ililetwa ili kampuni yenye matatizo ipate kinga ya muda dhidi ya wadai na, ikiwezekana, ifufuke. Chini ya mtindo wa zamani, benki yenye dhamana ingemweka mrasimu wake na kuuza mali mpaka ilipwe.

Nakumatt ilikuwa mtihani mkubwa wa mapema wa sheria hiyo, na matokeo hayakuridhisha. Msimamizi alikuta kampuni ambayo mali yake kuu, yaani bidhaa rafuni na mikataba ya nafasi katika majumba bora, ilikuwa imekwisha kutoweka. Supamaketi si kiwanda. Kiwanda kikifilisika, mashine na ardhi hubaki. Supamaketi ikikosa bidhaa kwa miezi sita, wateja wameshahama na mwenye jumba ameshampangisha mwingine.

Maduka sita yaliyosalia yaliuzwa kwa Naivas kwa Sh422 milioni. Tukilinganisha na deni la zaidi ya Sh30 bilioni, kiasi hicho ni chini ya senti mbili kwa kila shilingi, hata kabla ya gharama za kesi na usimamizi. Na senti hizo hazigawanywi sawasawa. Wenye dhamana, ambao kwa kawaida ni benki, hutangulia. Gharama za ufilisi, mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa na sheria, na kodi za serikali zina nafasi yake. Msambazaji asiye na dhamana na mwenye hati ya mkopo wa muda mfupi husimama mwisho wa foleni, mahali ambapo sufuria imeshakwanguliwa.

<b>Waliotangulia na waliofuata</b>

Kwa msomaji mwenye kumbukumbu, haya hayakuwa mapya. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya serikali na kuingia soko la hisa mwaka 1992, ilifunga milango mwanzoni mwa Juni 2006 baada ya upanuzi uliogharimiwa kwa mikopo. Iliwekwa chini ya mrasimu, serikali ikaingilia kati, na maduka yakaanza kufunguliwa tena Julai mwaka huo huo chini ya Jonathan Ciano. Mrasimu aliondolewa mwaka 2010 na hisa zikarejea sokoni mwaka 2011. Wakati huo Uchumi ilitolewa kama mfano wa kampuni iliyofufuka. Mwishoni mwa 2014 iliwaomba wenye hisa Sh895 milioni na wakazitoa. Kufikia Juni 2015 bodi ilikuwa imemfuta kazi Ciano, na kabla ya mwaka huo kuisha matawi ya Uganda na Tanzania yalikuwa yamefungwa. Wasambazaji wale wale waliokuwa wakiidai Nakumatt walikuwa tayari wakiidai Uchumi.

Tuskys ilifuata. Iliyumba waziwazi mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na kufikia mwisho wa 2021 karibu matawi yake yote yalikuwa yamefungwa, yakiwemo yale ya katikati ya jiji ambako maelfu ya wafanyakazi waliokuwa wakielekea stendi za matatu walinunua mkate na maziwa ya jioni. Shoprite nayo iliondoka nchini baada ya takriban miaka miwili.

Kuhusu malipo ya wasambazaji, sheria imekazwa. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya mwishoni mwa 2019 yaliipa Mamlaka ya Ushindani uwezo wa kuwaadhibu wanunuzi wakubwa wanaotumia vibaya nguvu zao, ikiwemo kuchelewesha malipo bila sababu. Tuskys iliwekwa chini ya uangalizi wa mamlaka hiyo mwaka 2020, ingawa uangalizi haukuweza kuzalisha fedha zisizokuwepo. Desemba 2023 Majid Al Futtaim, waendeshaji wa Carrefour, walitozwa faini ya Sh1.1 bilioni kwa jinsi walivyowatendea wasambazaji wawili.

Naivas ndiyo iliyorithi sehemu kubwa ya uwanja. Tofauti na Nakumatt, ilikubali kuuza hisa: mwaka 2022 kundi la wawekezaji lililoongozwa na IBL ya Mauritius lilinunua asilimia 40. Katika jumba la Prestige, Barabara ya Ngong, rangi ya samawati imebadilishwa. Lakini mwulize dereva wa bodaboda wa Adams Arcade akupeleke Prestige, na usishangae akikuuliza, "Pale kwa Nakumatt?"